Mchanga wa Nguzo ya Pili

Zamani, kabla daraja halijajengwa, aliyetaka kuvuka Mto Chisembe wakati wa mvua alilazimika kwanza kumsikiliza Meshack Matonya. Palikuwa na drifti tu pale, sakafu ya zege iliyolazwa juu ya mchanga, na maji yaliposhuka kutoka vilimani yalipita juu yake. Matonya alisimama ukingoni na bendera nyekundu ambayo mkewe Paulina aliishona kutokana na shuka kuukuu. Akisema subiri, unasubiri. Mwaka mmoja dereva wa lori la alizeti alimcheka, akaweka gia, akaingia. Maji yalipopungua lori lilikutwa mbali kule chini, limefukiwa mchangani hadi usawa wa madirisha. Dereva hakuonekana tena.

Tangu siku ile Matonya aliamini mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu anaweza kuambiwa ukweli usoni na bado asisikie. La pili, kwamba anayecheka ana jambo analificha. La kwanza lilimfanya awe mlinzi mzuri. La pili lilimharibu taratibu, kama kutu inavyoanza ndani ya nondo wakati zege kwa nje bado linang'aa.

Alikuwa mwadilifu, na hilo lisemwe mapema, asije mtu akadhani hii ni habari ya mtu mbaya. Hakunywa pombe. Hakuchukua hata sabuni isiyo yake. Alikuwa mzee wa kanisa, na sadaka ikihesabiwa watu walitaka awepo. Lakini uadilifu wake ulikuwa na macho yaliyotazama upande mmoja tu, upande wa wengine.

Daraja jipya lilipokamilika, watu wa Chisembe walikuwa na mengi ya kuzungumza. Halikuwa daraja kama yale waliyoyazoea njia ya Mpwapwa. Kwenye nguzo zake vilifungwa visanduku vidogo vya kijivu, na juu ya ukingo likasimamishwa paneli la sola kama mwavuli uliopinda. Kisanduku kimoja kilipima mtikisiko gari zito linapopita. Kingine kilipima kama nguzo imeinama hata kwa upana wa ukucha. Na kando ya nguzo ya pili, ile ya katikati ya mto, fimbo ndefu ya chuma ilizamishwa mchangani, nayo iliweza kutambua mchanga umeifunika kufikia wapi. Mchanga ukishuka, fimbo ilijua, na kisanduku kikapeleka habari Dodoma mjini kwa laini ya simu, kama mtu anavyotuma ujumbe.

Mafundi walikuja pia na droni. Iliruka chini ya daraja ikipiga picha za mihimili ili kutafuta nyufa, jambo ambalo zamani lilihitaji jukwaa la miti na watu wa kupanda. Mbuzi walitawanyika hadi jioni. Palikuwa na waliosema kile kidude kinapima mashamba ili yachukuliwe. Wengine walisema visanduku vinahesabu ng'ombe wanaovuka, kodi itakuja baadaye. Bibi mmoja alikataa kupita darajani akizungumza, kwa kuwa alihakikishiwa na mjukuu wake kwamba vinasikiliza.

Matonya aliwadharau wote. Yeye alikuwa amechaguliwa kuwa mwangalizi wa daraja, akapewa fulana ya njano inayong'aa, na akafundishwa na Injinia Tumsifu mwenyewe. Tumsifu alikuwa mwanamke kijana, mpole wa maneno, anayeishi Ipagala, Dodoma mjini, na kuzunguka mkoa mzima akikagua madaraja. Alimweleza kwamba madaraja mengi hayaanguki kwa uzito wa magari. Huanguka kwa sababu maji yameiba mchanga miguuni pa nguzo wakati kila mtu anatazama juu.

"Kwa hiyo baba," alimwambia, "kazi yetu ni kutazama chini."

Matonya aliyapenda maneno hayo, akayarudia kwa watu, kila mara akiyafanya yaonekane ni yake. Wanakijiji walikishuku kifaa. Yeye hakukishuku hata kidogo. Alichofanya ni kuhamishia shuku yote kwa watu, na kwa kuwa sasa alikuwa na kifaa nyuma yake, shuku ile ikapata nguvu ambayo haikuwa nayo wakati wa bendera.

Kiangazi kilipokaza, Tumsifu alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba, alimuuliza kama mto una maji.

Matonya akajibu kuwa mto ni mkavu, mbuzi wanatembea humo.

"Ajabu," Tumsifu akasema. "Mchanga wa nguzo ya pili unashuka alfajiri. Kabla ya saa nne unarudi. Kesho yake tena. Kama mto hauna maji, baba, basi kuna mtu anachimba."

Matonya alikwenda pale pale. Alizunguka nguzo, akainama, akapapasa. Mchanga ulikuwa umelala vizuri kama uwanja uliofagiwa. Kwingine kote mtoni palikuwa na nyayo za mbuzi na punda, lakini kuizunguka nguzo hapakuwa na hata unyayo mmoja. Aliona ni ushahidi kwamba watu wanaliheshimu daraja. Hata hivyo alitengeneza ubao, akaandika kwa rangi nyeusi: MARUFUKU KUKARIBIA NGUZO. Chini yake akaandika: MWANGALIZI.

Kisha akarudi nyumbani, Paulina akamwekea chai. Ilikuwa nzuri. Kwa miaka yote chai ya Chisembe ilikuwa na chumvi, kwa sababu maji ya kisima cha pampu yana chumvi, na ukitia maziwa yanakatika. Lakini tangu kiangazi kianze, chai ya nyumbani kwake ilikuwa imepona. Matonya aliwahi kumwambia mkewe kwamba labda ni kwa sababu siku hizi anakunywa akiwa na amani ya moyo, maana amepata kazi inayomstahili. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Paulina aliitikia amina, akaenda kuosha vyombo.

Sasa alihitaji mchimbaji, na mchimbaji hakuwa mbali. Abdulrahim alikuwa mtu wa Kondoa aliyehamia Chisembe miaka mingi nyuma, mwenye tipa moja la mchanga na kibali cha kuchimba kwenye machimbo yaliyo mbali upande wa juu wa mto. Alipita darajani mapema asubuhi, tipa limefunikwa turubai, mchanga mbichi ukidondosha maji njiani. Kila alipopita alipunguza mwendo, akasalimia. Alisalimia hata siku ambazo Matonya hakuitikia. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa uungwana. Matonya aliuhesabu kuwa ni ushahidi, kwani nani husalimia hivyo kila siku bila kuwa na lake?

Asubuhi moja alimsimamisha. Abdulrahim alishuka, akafungua turubai bila kunung'unika. Matonya akachota mchanga kwa kiganja. Ulikuwa wa chenga kubwa, ule ambao mafundi wanaupenda, na mchanga wa nguzo ya pili nao ulikuwa wa chenga kubwa.

"Huu wa wapi?"

"Wa kule juu, mzee wangu. Machimbo yale yale. Ukitaka twende ukaone shimo."

Matonya hakwenda kuona shimo. Mtu anayekualika ukaone, alijiambia, amekwisha kuliandaa la kukuonyesha. Ukifika mahali hapo katika kumshuku mwenzako, hana tena jambo analoweza kufanya likamsaidia. Akificha ana hatia, na akionyesha ana hatia zaidi.

Simu za Tumsifu ziliendelea. Sauti yake sasa ilikuwa na haraka. Mvua hazikuwa mbali, na wakubwa wake walitaka kujua kama mwangalizi wa Chisembe anaiweza kazi au atafutwe mwingine. Hakulisema hilo kwa ukali, lakini Matonya alilisikia vizuri. Fulana ya njano ilianza kumbana kifuani. Alijiona amerudi kuwa mzee wa mtaani asiye na bendera wala kisanduku, akisalimiwa kwa huruma.

Basi kwenye mkutano wa kijiji alinyoosha mkono. Mwenyekiti, Mzee Seth, akampa nafasi. Matonya alieleza habari za mchanga unaoshuka na kurudi, akaeleza hatari ya nguzo kubaki wazi, akakumbusha lori la alizeti na dereva wake. Kisha akamtaja Abdulrahim kwa jina.

Abdulrahim alikuwa amekaa pembeni, kofia ya kitambaa magotini. Alisimama polepole.

"Mzee Matonya, umeniona nikichimba pale?"

"Mimi sijakuona," Matonya akasema. "Kifaa kimekuona."

Mnong'ono ukapita kati ya watu. Wale waliosema visanduku vinahesabu ng'ombe, wale waliosema vinasikiliza maneno, wote sasa waliamini kwamba vimemwona Abdulrahim. Woga wao wa jana ulikuwa umegeuka imani ya leo, kwa kuwa mara hii haukuwaangukia wao. Hakuna aliyeuliza fimbo ya chuma inawezaje kuujua uso wa mtu. Hata Matonya hakujiuliza, ingawa yeye ndiye peke yake mkutanoni aliyejua kwamba haiwezi.

Wakaamua tipa lisivuke daraja mpaka jambo lijulikane. Mtu mmoja nyuma akatania kwamba Abdulrahim sasa abebe mchanga kwa kofia yake, na watu wakacheka. Abdulrahim aliivaa kofia, akaondoka. Upande wa wanawake, Paulina alikuwa amekaa na ncha ya kanga mdomoni, akitazama chini. Matonya alimwona, akadhani anaomba.

Tipa lilisimama nyumbani kwa Abdulrahim, kuku wakalala chini yake. Utingo wake, kijana aliyemsaidia kupakia, akaenda kutafuta kazi Dodoma. Dukani watu walipunguza maneno Abdulrahim alipoingia. Watoto wake walirudi kutoka shuleni siku moja wakauliza kwa nini wanaitwa watoto wa mwizi wa daraja, naye akawaambia waoge, wale, wakalale.

Na mchanga wa nguzo ya pili uliendelea kushuka alfajiri na kurudi kabla ya saa nne.

Mwanzoni Matonya alisema ni Abdulrahim anachimba kwa mkono, kwa hasira. Kisha akawashuku vijana wa matofali. Kisha wafugaji, kisha hata Mzee Seth, ambaye alikuwa anajenga. Alianza kuvuka njia ili asisalimiane na watu. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alikagua daraja kila siku saa ile ile, baada ya chai, jua likiwa limekwisha panda, na kila siku alikuta uwanja uliofagiwa.

Ndipo Tumsifu alipokuja mwenyewe. Alikuwa njiani kwenda Mpwapwa kukagua daraja lingine, angelala huko na kupita tena kesho yake. Alizunguka nguzo akiwa na kompyuta yake mkononi, akasimama, akatikisa kichwa. Walipofika nyumbani kwa Matonya alimwonyesha mchoro: mstari unaopanda na kushuka, siku baada ya siku, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Baba, nimechoka na fimbo hii," alisema. "Wewe umesema mwenye tipa amezuiwa. Lakini mstari haujabadilika. Nafikiri kifaa kimeharibika kwa joto. Kesho nikirudi nitaing'oa, niandike ni hitilafu ya mashine. Hakuna atakayelaumiwa."

Matonya alisikia mwili wake ukilegea kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Hitilafu ya mashine. Kazi yake ingebaki, na fulana ingebaki. Habari za Abdulrahim zingesahaulika zenyewe, kama habari nyingine zinavyosahauliwa na watu ambao hazikuwahusu.

Paulina alileta chai, akapiga goti kidogo kumkaribisha mgeni. Tumsifu alikunywa, akashusha kikombe, akakitazama.

"Mama, chai yako tamu. Huku kote nilikopita leo nimekunywa chai ya chumvi. Maji haya mnapata wapi?"

Paulina akaitazama birika. "Ni maji tu, mwanangu," akasema, kisha akatoka nje, ingawa nje hakukuwa na kitu cha kuchukua.

Tumsifu alikwisha rudi kwenye kompyuta yake. Lakini Matonya alikuwa ametumia nusu ya maisha yake ukingoni mwa mto akisoma nyuso za watu wanaotaka kupita. Uso alioutafuta kijiji kizima alikuwa ameuona sasa, na ulikuwa umetoka kwa mlango wake mwenyewe.

Hakumuuliza kitu jioni ile. Aliogopa kuuliza, na mtu anayewashuku wote anapoogopa kuuliza, tayari anajua. Alfajiri, Paulina alipochukua ndoo, alimwacha atangulie, kisha akavaa fulana ya njano na kumfuata.

Wanawake walikuwa wamekaa chini ya daraja, madumu yamepangwa kwenye foleni, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu walio jikoni. Ubao wake ulikuwa umelazwa kifudifudi, na juu yake wamepanga kata na ndoo ili zisiingie mchanga. Mguuni pa nguzo ya pili palikuwa na shimo lililozungushiwa pipa lisilo na kitako, na Paulina alikuwa amepiga magoti, mkono wote umo ndani, akichota maji meupe kwa kata. Pembeni palikuwa na kifuniko cha mbao na matawi ya miiba, na tawi moja lenye majani, la kufagia nyayo.

Walipomwona, mazungumzo yalikatika. Mmoja, Hana, jirani yao, akasema, "Mbukwa, mwangalizi," kwa salamu ya nyumbani, ya Kigogo, na haikujulikana kama ni heshima au dhihaka.

Matonya alimsemesha mkewe tu. Alimuuliza tangu lini.

"Tangu madimbwi ya kule chini ya mto yalipokauka," Paulina alisema, bila kuinuka. "Tulichimba huku na huku, yakawa machungu. Hapa nguzoni mto ulipogonga ulichimba shimo wenyewe, ukajaza mchanga wa chenga. Maji yanakaa humo, matamu. Mimi ndiye nilichimba, kwa hiyo ni kisima changu, na hawa wanaomba kwangu. Tukimaliza tunafunika, tunafukia na kufagia. Mbuzi wakijua wataharibu."

"Na ubao wangu?"

"Ubao wako unasema marufuku. Hausemi maji ya kuoga utayatoa wapi."

Kuna aliyecheka, akajizuia.

"Ulikuwepo mkutanoni, Mama Anjelina. Ulinisikia nikimtaja yule mtu, ukanyamaza."

Hapo Paulina aliinuka, akafuta mkono kwenye kanga. Hakuwa na ushindi usoni. Alikuwa na aibu yake, iliyokwisha kukaa naye muda mrefu.

"Nilinyamaza, na nimefanya vibaya. Kila siku nikipita kwake naona kuku chini ya tipa, nasema kesho nitakuambia. Lakini wewe ulisema kifaa kimemwona. Nikajiuliza, kama kifaa kinaona, mbona hakikuniona mimi? Nikajua kumbe unasema tu. Nikaogopa, Baba Anjelina. Mtu anayeweza kusema tu mbele ya kijiji kizima, mimi nitamwambia nini?"

Akaongeza kwa sauti ya chini, "Chai ilipokuwa tamu ulimshukuru Mungu. Hukuniuliza."

Matonya alikaa juu ya jiwe. Wanawake walibaki wamesimama na madumu yao, na hakuna aliyethubutu kuchota. Aliitazama ile fimbo ya chuma, imesimama kando ya pipa, haina macho wala ulimi. Haikuwa imesema uongo hata siku moja. Ilisema mchanga umeshuka, basi. Jina lilikuwa la kwake yeye.

Alijua njia ilikuwa wazi. Angewaambia wafukie, wahamie mahali pengine leo hii, na Tumsifu angeng'oa fimbo na kuandika hitilafu. Hakuna mwanamke pale ambaye angesema. Wote walikuwa wanamtazama wakingoja aseme hivyo, na baadhi yao, aliona, walikuwa na hakika kwamba atasema. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Wakati yeye akikipima kijiji, kijiji nacho kilikuwa kinampima, na kipimo chao kilikuwa kimesomeka hivi.

Na mvua zingekuja, zikute mchanga uliolegezwa, na nguzo isiyo na wa kuisemea.

"Msifukie," akasema. "Injinia ataona kwa macho yake."

Tumsifu aliporudi kutoka Mpwapwa alisimama juu ya shimo lile kwa muda mrefu. Hakucheka wala hakukaripia. Alieleza kwamba shimo lenyewe si kubwa, lakini mchanga unaochimbwa na kufukiwa kila siku haushikani, na maji ya kwanza yatauchukua wote. Alisema bila kumtazama mtu kwamba alikuwa amekuja na spana ya kung'olea kifaa ambacho kumbe hakina ubovu wowote.

Kisha akasema taratibu kwamba taarifa lazima ionyeshe nani alichimba, na kwamba ni nyumbani kwa mwangalizi, na kwamba hajui wakubwa wataamua nini.

"Andika," Matonya akasema. "Paulina, mke wa Meshack Matonya."

"Andika," Paulina naye akasema. "Lakini na maji yaandike, mwanangu. Usiandike shimo peke yake."

Tumsifu aliwaonyesha mahali pa kuchimba, mbali na nguzo, upande wa chini. Wakachimba. Maji yalikuwepo, ingawa hayakuwa matamu kama yale. Shimo la nguzoni likajazwa mawe na wanaume wa kijiji, Matonya akiwa wa kwanza kubeba, na waliombeza aliwaacha wabeze.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko mawe. Aliomba mkutano. Mzee Seth alimshauri aende kwa Abdulrahim nyumbani, wayamalize kimya kimya kama watu wazima. Matonya alikataa. Alisema kwamba hakumchafua nyumbani.

Alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. Abdulrahim alikuwa pembeni, kofia magotini.

"Nilisema kifaa kimemwona mtu huyu," Matonya alisema. "Kifaa hakioni mtu. Kinaona mchanga. Aliyemwona ni mimi, na nilimwona kwa sababu nilitaka awe yeye. Aliyechimba ni mke wangu, na maji nimekunywa mimi. Abdulrahim, nakuomba radhi mbele ya watu walionisikia."

Wale waliocheka kuhusu kofia walitazama miguu yao. Wengine walianza kuwalaumu wanawake, kisha wakakumbuka ni nani anayewaletea maji, wakaacha. Mzee Seth akatangaza kuwa tipa liko huru. Abdulrahim alisimama, akasema amesamehe, kwa maneno mafupi ya heshima, akavaa kofia yake, akaondoka mapema kama mara ya kwanza.

Ofisi haikumwondoa Matonya. Walimpa onyo, na Tumsifu akampigia kumwambia kwamba aliwatetea. Labda angeshukuru zaidi kama wangemwondoa.

Mvua zilikuja kwa nguvu. Mto ulijaa ukingo kwa ukingo, mwekundu, ukibeba miti. Tumsifu alipiga simu kutoka Dodoma: mchanga wa nguzo ya pili unashuka, funga njia. Matonya aliitoa ile bendera ya zamani, akasimamisha magari pande zote mbili. Hakuna aliyecheka. Baada ya muda simu ikalia tena: mchanga umeshuka hadi kwenye mawe, umeishia hapo, nguzo haijainama. Maji yalipotulia alikunja bendera, akaashiria magari yapite.

La kwanza kwenye foleni lilikuwa tipa la Abdulrahim. Lilisogea hadi pale aliposimama, likazima injini. Abdulrahim alishuka. Alisalimia kama siku zote, akaenda nyuma, akafungua kamba za turubai moja moja, akashusha mlango wa bodi, akasimama kando.

"Pita, Abdulrahim," Matonya alisema. "Sijakuomba ufungue."

"Najua, mzee wangu. Wewe kagua tu."

Nyuma magari yalianza kupiga honi. Abdulrahim hakusogea wala hakukunja uso. Matonya ilibidi aende hadi nyuma ya tipa, atazame mchanga, arudi. Ndipo turubai likafungwa tena, kamba moja moja, na gari likapita.

Amefanya hivyo kila asubuhi tangu siku ile, na anafanya hivyo mpaka leo. Paulina akisikia injini ikizimwa darajani, anajua ni nani. Anamimina chai, ambayo sasa ina chumvi kidogo, anaifunika kwa sahani na kumngoja mumewe amalize kukagua.